Mwelekeo wa masika pwani: namna ya kuusoma, kuupima na kuufanyia kazi kuanzia Februari hadi Juni

Kati ya mwisho wa Januari na Februari, ofisi za hali ya hewa za ukanda wetu hutoa mwelekeo wa mvua za Machi, Aprili na Mei. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha ukanda wetu kilichoko Kenya, hukutanisha wataalamu wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa taarifa zao kwa maeneo yao. Taarifa ikishasomwa redioni watu wengi hubaki na neno moja tu, "juu ya wastani" au "chini ya wastani", na neno hilo peke yake halitoshi kuamua siku ya kupanda mahindi, ukubwa wa mtaro wala kama ngalawa itoke.

Mwongozo huu ni wa mtu wa pwani: mkulima wa Muheza au Kilifi, mwenye nyumba bondeni Dar es Salaam, mvuvi wa Mkokotoni, mwenye duka Mombasa ambaye bidhaa zake hulowa kila Mei. Hoja yetu ni moja. Mwelekeo wa msimu hukusaidia kuamua ubebe hatari kiasi gani. Siku ya kutenda huamuliwa na utabiri wa siku chache pamoja na kipimo chako mwenyewe cha mvua.

Kwanza jua masika ya kwenu ni yapi

Pwani ni ndefu na mvua yake haifanani. Ukanda wa mvua hufuata jua kwenda kaskazini baada ya Machi 21, kwa hiyo kilele cha mvua nacho husogea.

Mtwara na Lindi hawana masika kwa maana hii. Wana msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na taarifa yao hutolewa mapema, kabla ya msimu huo. Mtu wa Masasi anayesubiri taarifa ya Februari amechelewa. Kwa Dar es Salaam, Pwani, Mafia na Unguja, mwezi mzito kwa kawaida ni Aprili. Tanga na Pemba hugawana uzito kati ya Aprili na Mei. Kuanzia Mombasa kwenda Malindi na Lamu, Mei ndiyo mama wa mvua, na huko mvua za maana huendelea hadi Juni na wakati mwingine Julai.

Hii ina matokeo ya vitendo. Machi kavu Lamu si habari. Machi na nusu ya Aprili zikiwa kavu Bagamoyo, hiyo ni habari kubwa. Kabla ya kusoma utabiri wowote, tafuta katika taarifa sehemu inayotaja mkoa au kaunti yako kwa jina, kisha achana na kichwa cha habari cha taifa. Ofisi hugawa nchi katika kanda, na kanda ya pwani mara nyingi hupewa mwelekeo tofauti kabisa na nyanda za juu au Ziwa Victoria.

Kusoma taarifa yenyewe

Taarifa kamili ina mambo manne: kiasi, wiki ya kuanza, wiki ya kwisha, na mtawanyiko. Wasomaji hushika la kwanza. La nne ndilo linaloua mazao.

Kiasi: kwa utaratibu wa TMA, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali hapo. Chini ya 75 ni chini ya wastani, zaidi ya 125 ni juu ya wastani. Uwanja huu ni mpana. Ikiwa wastani wa Machi hadi Mei kwenu ni milimita 600, basi milimita 460 na milimita 740 zote zitaitwa "wastani", ingawa shambani hizo ni dunia mbili. Kwa hiyo omba takwimu ya wastani wa kituo kilicho karibu nawe kutoka ofisi ya hali ya hewa au kwa afisa ugani, na ukokotoe mwenyewe: zidisha kwa 0.75, kisha kwa 1.25. Namba hizo mbili zibandike ukutani.

Ramani za ICPAC na za Kenya hutumia njia nyingine. Hugawa miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa, miaka yenye mvua nyingi, ya mvua za kati na ya mvua chache, kisha hutoa uwezekano wa kila fungu. Ukiona 45, 35, 20, maana yake ni hii: katika misimu kumi inayofanana na huu, minne au mitano itakuwa na mvua nyingi, mitatu au minne ya kati, na miwili itakuwa kavu. Hiyo miwili mikavu ipo. Ramani iliyopakwa kijani haijakuahidi chochote, imekuambia mzani umeelemea wapi. Kama hakuna utabiri wowote, kila fungu lingepewa 33, kwa hiyo 40 ni mwegemeo mdogo na 60 ni mwegemeo mkubwa ambao ni nadra kuuona.

Mtawanyiko: tafuta maneno "vipindi virefu vya ukavu" au "mtawanyiko usioridhisha". Msimu wenye milimita 600 zilizonyesha kwa siku kumi na mbili za kishindo ni mbaya kwa kunde kuliko msimu wa milimita 400 zilizotandaa. Maneno hayo yakiwepo, panga kama vile msimu umetajwa kuwa mkavu, hata kama kiasi kimeandikwa "wastani hadi juu ya wastani".

Kwa nini masika ni magumu kutabiriwa kuliko vuli

Elewa jambo hili, litakuokoa na maamuzi mengi ya pupa. Mvua za vuli hufungamana sana na El Niño na La Niña (Bahari ya Pasifiki kupata joto au kupoa kuliko kawaida) na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, mambo yanayobadilika polepole na kuonekana miezi kabla. Masika hayajafungwa hivyo. Mtu akisema "ni mwaka wa El Niño, basi masika yatakuwa mafuriko", amechukua kanuni ya vuli na kuibandika mahali pasipo pake. Mwaka 2024 El Niño ilikuwepo na Aprili ikaleta mafuriko Rufiji na Tana River, lakini mwaka mmoja haufanyi kanuni.

Masika huendeshwa na mambo ya karibu zaidi. Joto la bahari mbele ya pwani yetu huwa juu mno Machi na Aprili, digrii 29 hadi 30, na hutoa unyevu mwingi. Kaskazi inapofifia na kusi kuanza kuingia, pepo mbili hukutana na hewa hupanda. Kisha kuna wimbi kubwa la hewa ya mvua linalozunguka dunia kando ya ikweta kwa siku 30 hadi 60, wataalamu huliita MJO. Linapopita huweza kuleta wiki mbili za mvua zikifuatiwa na wiki mbili kavu. Hilo haliwezi kutabiriwa Februari kwa ajili ya Mei. Na vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huvuruga yote: kikikaa Mlango wa Msumbiji huvuta unyevu kwenda kwake na kuiacha pwani yetu kavu katikati ya msimu. Machi 2019, wakati wa kimbunga Idai, mvua zilichelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo panga ngazi za kusoma. Februari soma mwelekeo wa msimu ili ununue mbegu na uamue mchanganyiko wa mazao. Mwanzo wa kila mwezi soma taarifa ya mwezi. Kila wiki soma ya siku kumi, au ya siku saba ikiwa ndiyo iliyopo. Kila jioni soma ya kesho. Taarifa mpya hufuta ya zamani, na ya karibu hushinda ya mbali. Programu za simu zinazoonyesha mvua ya milimita kadhaa siku ya kumi na mbili kutoka leo zipuuze kabisa katika ukanda huu. Zitazame kwa siku tatu hadi tano, na utazame kama programu mbili zinakubaliana, si kama moja imeandika namba kubwa.

Tengeneza kipimo cha mvua kabla ya Machi

Bila kipimo utabaki kubishana na jirani kama jana ilinyesha "sana". Mvua za pwani hunyesha kwa vipande: mtaa mmoja unaweza kupata milimita 40 na mtaa wa pili rasharasha tu. Kituo cha uwanja wa ndege hakiwezi kukuambia shamba lako limepata nini.

Unahitaji chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye mwili ulionyooka, kisu kikali, rula, mkanda wa gundi, mti wa mita moja, na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yake.

1. Kata chupa pale mabega yanapoanza, kwa mstari ulionyooka. Toa kifuniko.
2. Geuza kichwa cha chupa juu chini, kiingize ndani ya mwili kama mrija, mdomo ukiangalia chini. Funga kingo mbili zikutane sawasawa kwa mkanda. Kichwa hiki huzuia maji yasivukizwe na majani yasiingie.
3. Pima kipenyo cha mdomo wa juu kwa sentimita. Nusu yake zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14. Chupa ya kipenyo cha sentimita 9 hutoa 4.5 × 4.5 × 3.14, yaani takriban sentimita za mraba 63.6.
4. Milimita moja ya mvua katika kipimo hicho ni mililita 6.4 za maji. Kwa hiyo ukivuta mabomba kumi kamili, mililita 200, mvua ilikuwa milimita 31.
5. Simamisha mti ardhini, funga kipimo kiwe wima, mdomo ukiwa mita moja hivi kutoka chini na juu zaidi ya ncha ya mti.

Mahali pa kukiweka ndipo wengi huharibu kazi. Kiwe mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho: mnazi wa mita 15 unataka umbali wa mita 30. Chini ya mchirizi wa bati utapata mvua ya paa zima. Juu ya paa upepo hupitisha matone pembeni na kipimo husoma pungufu, hasa kusi ikishaingia na mvua kuja kwa mshazari. Chini sana, matone yaliyoruka kutoka ardhini yataingia.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa vya hapa kwetu, ili uweze kulinganisha. Andika tarehe ya siku uliyosoma, milimita, na kama mvua ilikuwa ya usiku au mchana. Siku isiyo na mvua andika 0. Ukiacha wazi, mwezi ujao hutajua kama haikunyesha au hukusoma. Kipimo hiki kikikatwa vizuri hubeba zaidi ya milimita 150, lakini siku ya mvua kubwa kisome pia jioni na ujumlishe. Kibadilishe jua likishakikakamaza. Plastiki iliyopasuka huvuja taratibu na kukudanganya msimu mzima.

Siku ya kupanda

Hapa ndipo pesa hupotea. Februari na mwanzo wa Machi hunyesha mvua moja au mbili za nje ya msimu, watu wakamwaga mbegu, halafu jua la wiki mbili likaunguza kila kitu. Joto kali la Machi nalo huwachochea watu wakidhani mvua iko mlangoni. Joto hilo huja kila mwaka, yawe masika mazuri au mabaya.

Kanuni inayotumika katika ukanda huu kutambua mwanzo wa kweli wa mvua ni hii: jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu mfululizo, na katika siku 21 zinazofuata kusitokee ukavu wa siku saba au zaidi mfululizo. Siku kavu ni ile yenye chini ya milimita 1. Sehemu ya kwanza utaipata katika kipimo chako. Sehemu ya pili haijatokea bado, na hapo ndipo utabiri unapofanya kazi yake.

Fanya hivi. Kipimo kikifikisha milimita 20 kwa siku tatu, chimba. Kwenye tifutifu unyevu uwe umeshuka sentimita 15 hadi 20, kwenye kichanga sentimita 25 au zaidi. Kichanga cha pwani hupitisha maji haraka na kuyashika kidogo, na jua la Machi hunyonya karibu milimita 5 kwa siku, hivyo milimita 20 juu ya kichanga huisha kwa siku nne au tano. Mwenye kichanga asubiri 30. Kisha soma taarifa ya siku kumi. Ikisema mvua zitaendelea, panda. Ikisema zitapungua, subiri, na usione haya jirani akikutangulia. Tazama upepo pia: kaskazi ikiwa bado inavuma kwa nguvu mchana kutwa, mvua iliyonyesha mara nyingi haidumu. Ikishafifia, bahari ikatulia na mawingu yakaanza kujenga kutoka baharini usiku, hali imebadilika.

Usipande shamba lote siku moja. Gawa mara mbili au tatu kwa nafasi ya siku saba hadi kumi. Mahindi hutaka kilo 8 hadi 10 za mbegu kwa ekari. Weka akiba theluthi moja ya kiasi hicho kwa kurudishia. Mwelekeo ukiwa "chini ya wastani" au mtawanyiko mbaya, punguza eneo la mahindi, ongeza muhogo, kunde na choroko. Kunde na choroko hukomaa kwa takriban siku 60 hadi 75, na muhogo ukishashika mizizi husubiri mvua inayofuata bila kufa. Mwelekeo ukiwa "juu ya wastani", mabonde yaende kwa mpunga, mahindi yapande tuta, na mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili, maana milimita 80 za usiku mmoja hushusha naitrojeni chini ya mizizi.

Kuna kosa moja la watu makini. Wakisikia mvua zitakuwa chache hukimbilia mbegu fupi kuliko zote. Mahindi ya siku 90 yaliyopandwa Machi 10 yatakomaa Juni 8. Pemba, Tanga na Mombasa mvua bado inaweza kuwepo tarehe hiyo, na magunzi yataoza shambani. Hesabu nyuma: tazama wiki ya kwisha kwa mvua iliyotajwa kwenye taarifa, kisha chagua mbegu itakayokauka baada ya wiki hiyo. Iliyopandwa Machi 20 na kukomaa kwa siku 110 hufika Julai 8, kipupwe kikiwa kimeingia.

Nyumba, mtaro na bamvu

Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ua wa mita 20 kwa 20 ukipata milimita 50 umepokea lita 20,000, na jirani wa juu amepokea zake ambazo zitakuja kwako. Kwa hiyo mitaro izibuliwe Februari, taka zikiwa kavu na nyepesi kubeba. Ukizoa mchanga na kuuacha ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha, basi upelekwe mbali. Kagua kalavati kwa kumwaga ndoo tano za maji upande mmoja na kutazama upande wa pili.

Mvua kubwa kwa lugha ya ofisi ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Pwani haihitaji msimu wa mvua nyingi kupata siku kama hiyo. Katika msimu uliotajwa "chini ya wastani" siku moja ya milimita 100 inaweza kutokea, na bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, halitauliza jumla ya msimu ni kiasi gani. Aliye bondeni ajitayarishe kila mwaka, mwelekeo uwe wowote.

Jambo linalosahaulika hata na wahandisi ni kujaa kwa bahari. Mitaro ya Mji Mkongwe, Mombasa kisiwani na mlango wa Msimbazi humwaga baharini. Wakati wa bamvu, yaani siku bahari inapojaa kupita siku nyingine, maji yakijaa, midomo ya mitaro huzama na mvua hukosa pa kwenda. Milimita 40 wakati wa maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo, hupita bila kelele, milimita 40 zilezile saa ya bamvu kujaa huingia sebuleni. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na siku mbili tatu zinazofuata, na mabamvu ya Machi na Aprili ni miongoni mwa makubwa ya mwaka. Dar es Salaam na Unguja siku za bamvu maji hujaa takriban saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni. Na mvua za masika ukingoni mwa pwani hupenda kunyesha usiku wa manane hadi asubuhi. Chukua kalenda, zungushia duara tarehe za bamvu za Machi hadi Mei, na siku hizo taarifa ya mvua kubwa ikitoka, inua vitu kabla ya kulala: magodoro, unga, nyaraka, friji juu ya matofali, na umeme wa soketi za chini uzimwe kwenye swichi kuu.

Kuvuna maji: paa la bati lenye mita 10 kwa 6 zikipimwa chini, mvua ya milimita 50, hutoa takriban lita 2,400 baada ya kutoa moja ya tano kwa yanayoruka na kumwagika. Simtanki la lita 5,000 hujaa kwa milimita 104 hivi. Maji ya mwanzo baada ya siku kavu yaachwe yapite, lita 60 kwa paa hilo, kwa kuwa yanabeba chumvi, vumbi na kinyesi cha ndege. Mvua ya kwanza kabisa ya msimu iachwe yote. Gata literemke sentimita moja kwa kila mita, na kinywa cha tanki kifunikwe kwa wavu wa mbu.

Kwa afya kwa ufupi: visima vifupi huchafuka mara vyoo vinapofurika, hivyo chemsha maji au yatibu kwa klorini hata kama yanaonekana meupe, na vyandarua vikaguliwe Machi, kwa sababu malaria hupanda wiki kadhaa baada ya mvua, watu wakiwa wamesahau.

Baharini

Kusi haiingii kwa adabu. Aprili kunaweza kuwa na siku tano shwari, ya sita mawimbi ya mita mbili na nusu. Tahadhari za pwani hutolewa upepo unapotarajiwa kuzidi kilometa 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Kwa ngalawa na mtumbwi mpaka uwe chini ya huo: kilometa 30 kwa saa zikipingana na maji yanayotoka zinatosha kupindua chombo chenye mzigo, na mkondo wa Nungwi ni mfano mzuri wa mahali upepo na maji hugombana. Soma taarifa ya bahari ya jioni, si ya mji. Wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka chini, likija na upepo wa ghafla wa baridi, linakupa dakika kumi hadi ishirini tu za kushusha tanga.

Tahadhari zenyewe zina rangi tatu: njano, chungwa na nyekundu. Njano ni wakati wa kujiandaa. Chungwa chombo kisitoke na walio bondeni wafungashe. Nyekundu watu wawe wamekwishahama. Ujumbe wa kusambazwa kwenye simu utazame kwanza tarehe na jina la ofisi, maana ramani nyekundu za miaka iliyopita huibuka kila Aprili.

Kimbunga

Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini pwani yetu inavijua: Unguja Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, Kenneth iliyopiga kaskazini mwa Msumbiji karibu na Mtwara Aprili 2019, Jobo iliyofifia kabla ya kufika Aprili 2021, na Hidaya Mei 2024, iliyopita Mafia na kukata barabara ya kusini maeneo ya Somanga. Angalia miezi: vyote viko Aprili au Mei, watu wakiwa wamechoka kusoma taarifa.

Kituo cha kisiwa cha Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya eneo hili, na ofisi za nchi hutumia taarifa zake. Jina la kimbunga likishatajwa, soma kila taarifa mpya, kwani njia hubadilika ndani ya saa 12. Siku mbili kabla: vuta vyombo juu ya mstari wa bamvu, funga bati kwa waya na misumari ya ziada ukingoni, kata matawi makavu na angusha madafu na nazi zilizo juu ya paa. Siku moja kabla: jaza maji ya kunywa ya siku tatu, chaji simu, hamisha wazee na watoto kutoka nyumba za makuti na za ufukweni. Upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Mvua zikianza kukatika

Mei ikielekea mwisho jumlisha daftari lako la Machi, Aprili na Mei, ligawe kwa wastani wa kituo cha karibu na uzidishe kwa 100. Ukipata 82, msimu ulikuwa wa wastani kwa hesabu ya ofisi. Kisha hesabu vipindi vya siku saba kavu na tarehe zake. Hivyo ndivyo vitakavyokueleza kwa nini shamba la juu lilishindwa na la chini likaivisha.

Mahindi yasihifadhiwe kwa kuangalia rangi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi iliyoanikwa juani hadi ikakauka kabisa, ijaze robo, ongeza punje hadi nusu, tikisa dakika chache na uache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: yarudishwe juani, juu ya turubai na si juu ya ardhi, na yafunikwe kabla ya umande wa jioni. Chumvi ikidondoka yote bila kushika, punje zimekaribia ukavu unaotakiwa. Anika siku mbili zaidi, kwa kuwa sumukuvu hustawi katika unyevu wa pwani hata ndani ya gunia lililofungwa vizuri.